Vya ndani ya Datsun 240Z: utengeneze vya zamani, ununue seti mpya, au umpe fundi ashone?

Ukinunua Datsun 240Z leo, lile gari dogo la michezo la Kijapani, injini haitakunyima usingizi. Ni L24, silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 2.4, na mafundi waliokulia kwenye Datsun wanaijua mpaka nati ya mwisho. Kinachotesa ni vya ndani: paneli za milango, dashibodi, plastiki za nyuma, dari, zulia na viti. Toleo la 240Z lilitengenezwa kuanzia mwisho wa 1969 hadi 1973, kwa hiyo reksini na plastiki zake zimepigwa na jua kwa zaidi ya miaka 50. Nyingi bado ziko mahali pake kwa kuwa hakuna aliyezigusa. Siku unapozibandua, iwe unafuata kutu sakafuni, waya uliokatika au unataka kupiga rangi upya, ndipo zinapovunjika mkononi.

Kwa hiyo swali la nini kitarudi ndani lijibiwe kabla bisibisi haijashikwa. Njia ni tatu. Ya kwanza ni kutengeneza kilichopo na kukirudisha. Ya pili ni kuagiza seti mpya ya nakala, yaani vipande vilivyoigwa kutoka vile vya kiwandani, kutoka nje, nyingi zikitoka Marekani. Ya tatu ni kumpa kazi fundi wa viti vya magari wa hapa kwetu, yule anayevalisha matatu na daladala. Wengi huchagua njia moja na kuipitisha gari zima, na hapo ndipo fedha zinapopotea na gari linapopoteza sura yake. Ninavyoona mimi, uamuzi uwe wa kipande kimoja kimoja: uso wa zamani ubaki popote unapoweza kubaki, na kilichojificha nyuma yake, yaani ubao, sponji, klipu na gundi, kibadilishwe bila huruma. Uso wa kiwandani ndio unaolifanya gari kuwa 240Z ukiwa umeketi ndani. Ubao wa nyuma haujawahi kuonwa na mtu.

Gari hili kwetu si mgeni. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally ya Afrika Mashariki, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, akiwa na Lofty Drews, akashinda nalo tena. Hadi leo 240Z huonekana kwenye mashindano ya magari ya zamani ya Safari Classic, yaliyoanza 2003. Lakini soko lake kubwa lilikuwa Marekani, na jambo hilo linabeba uzito kwenye ulinganisho huu kuliko watu wanavyodhani. Watengenezaji wa nakala humfikiria kwanza mteja mwenye usukani kushoto. Zetu, kama za Japani, Uingereza na Australia, zina usukani kulia. Paneli za milango na plastiki za nyuma hazijali usukani uko upande gani. Dashibodi na zulia la mbele vinajali sana.

Kabla ya kufungua chochote

Njia yoyote utakayochagua, nunua kwanza bisibisi za Kijapani. Skrubu za nyota kwenye gari hili zilichongwa kwa kipimo cha JIS, yaani kiwango cha viwanda vya Japani, na bisibisi ya Phillips tuliyoizoea haikai vizuri ndani yake. Huruka na kutafuna kichwa. Skrubu ikishatafunwa utalazimika kuitoboa kwa drili, na drili karibu na plastiki ya miaka 50 haina mwisho mwema. Skrubu zenye kutu zinyunyizie mafuta ya kulainisha kutu siku moja kabla.

Joto nalo ni zana. Plastiki na reksini za zamani zikiwa baridi hupasuka. Zikipata joto hulegea na kukubali kupinda. Asubuhi ya Julai Nairobi au Iringa si wakati wa kubandua. Liache gari juani, madirisha yakiwa yamefungwa, mpaka ndani pawe moto, kisha ndipo uanze. Pembe ngumu zipashe taratibu kwa mashine ya kukaushia nywele. Ile ya kubandulia rangi inatoa moto mkali mno, itayeyusha chembechembe za uso, yaani ile michoro midogo mfano wa ngozi.

Milango: hapa fundi wa hapa ndiye bora

Paneli ya mlango ni ubao mwembamba wa nyuzi uliovalishwa reksini na kushikiliwa kwa klipu pembezoni. Ili kuitoa unaanza na skrubu za kishika mkono, kisha kishikio cha ndani cha kufungulia, kisha mkono wa kupandishia kioo. Mkono huo umezuiwa na klipu ndogo yenye umbo la U iliyo nyuma yake, na njia ya kuitoa bila kukwaruza reksini ni kupitisha kitambaa kati ya mkono na paneli na kukivuta huku na huku mpaka klipu ichomoke. Weka mkono wako wa pili hapo, maana klipu huruka mbali. Baada ya hapo ingiza kifaa bapa, cha plastiki ikiwezekana, pembeni kabisa mwa kila klipu. Ukiinua katikati ya klipu mbili unang'oa tundu la ubao, na ubao uliong'oka tundu haushiki tena.

Mara nyingi utakuta reksini ni nzima na ubao umeoza sehemu ya chini. Sababu ni maji. Mvua hupita kwenye raba ya kioo iliyochakaa, huteremka ndani ya mlango, na kwa kuwa karatasi ya nailoni iliyobandikwa kiwandani ilishachanwa na fundi fulani wa zamani, maji huufikia ubao. Ukiweka paneli mpya bila kubadili raba na kurudisha nailoni, paneli hiyo nayo itaoza.

Sasa linganisha. Seti ya nakala hufika ikiwa tayari, matundu yametobolewa, na kwa mtu asiye na fundi karibu ni msaada mkubwa. Udhaifu wake uko kwenye chembechembe za uso na ung'avu. Zikiwekwa kando ya plastiki za zamani, tofauti inaonekana, hasa mchana. Juu yake kuna usafiri na ushuru, na kipande kirefu chembamba kama hiki huweza kufika kimepinda. Fundi wa hapa, uwe unampata Grogan kule Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam, anaweza kuvua reksini yako polepole kwa joto, kukata ubao mpya kwa kufuata wa zamani kama kielelezo, na kuivalisha reksini ileile. Mchoro wa mlango unabaki wa kiwandani. Mpe plaiwudi nyembamba inayostahimili maji badala ya hadibodi, naye apake vanishi pande zote mbili na kwenye kingo, kisha atoboe matundu ya klipu akiwa ameweka ubao wa zamani juu yake. Unene ndio wa kuangalia: ukizidi, klipu hazifiki, na mkono wa kioo unasugua.

Reksini ikiwa imechanika au kukakamaa mpaka inavunjika ukiikunja, hapo nunua nakala. Mchoro wa paneli hizi ulibanwa kwa joto, na mshono wa cherehani hauwezi kuuiga.

Dashibodi: uamuzi mgumu kuliko wote

Dashibodi ya 240Z ni fremu ya chuma iliyofunikwa sponji, na juu ya sponji ngozi ya plastiki. Mbele ya dereva kuna saa mbili kubwa, ya mwendo na ya mizunguko ya injini, na katikati vishimo vitatu vinavyomtazama dereva: kimoja cha shinikizo la oili na joto la maji, kimoja cha umeme na mafuta, na cha tatu saa ya majira. Ni umbo zuri mno, na ni vigumu kukuta moja isiyo na nyufa. Jua huivukiza ile kemikali inayoilainisha plastiki, ngozi inakauka na kujivuta, na mwishowe inapasuka juu ya vishimo na karibu na kioo cha mbele. Ngozi hiyo imeshikamana na sponji iliyo chini yake, kwa hiyo ufa hauishii juu.

Chaguo la bei nafuu ni kava la plastiki ngumu linalogandishwa juu ya dashibodi yako. Faida yake kubwa ni kwamba dashibodi haitoki garini; kwa mtu ambaye nyaya zake ni nzima, hiyo si faida ndogo. Lakini kava huziba mistari iliyo midogo na kali, kingo zake huonekana ukitazama kwa karibu, na likishagandishwa kwa silikoni, kulitoa ni kuiua ngozi ya zamani moja kwa moja. Na kuna suala la usukani: kava la usukani kushoto halikai kabisa kwenye gari la usukani kulia, kwa sababu saa mbili kubwa ziko upande mwingine na vishimo vitatu vimeelekezwa kinyume. Muulize muuzaji swali hilo kwa maneno ya wazi kabla ya kulipa, na umwombe picha.

Chaguo la pili ni kujaza nyufa. Unakata kingo za ufa kwa umbo la V, unaondoa sponji iliyojikunja, unajaza kijazio kinachonyumbulika, unasugua, unapulizia rangi maalumu inayoleta chembechembe, kisha rangi ya plastiki. Kazi hii inataka uvumilivu mwingi na gharama kidogo. Ikifanywa na mwenye mkono mzuri, abiria hataona. Kijazio kigumu cha bodi ya gari, kile kinachotumiwa kuzibia mabati, kisitumike kamwe. Dashibodi inatanuka na kunywea kila siku, nacho hakinyumbuki, kwa hiyo ufa mpya hutokea pembeni mwa ule wa zamani. Hata kwa kijazio sahihi, gari likiendelea kuachwa juani bila kifuniko cha kioo, nyufa zitarudi.

La tatu ni kupeleka dashibodi kwa karakana ya ng'ambo inayovua ngozi yote, kurekebisha sponji na kuvuta ngozi mpya kwa joto, au kununua dashibodi mpya kamili, ambazo sasa zinatengenezwa. Hapo unapata kitu kinachokaribia kilichotoka kiwandani Japani, kwa bei ambayo kwa wengi itazidi kila kitu kingine kilicho ndani ya gari kikijumlishwa.

Mimi ningeamua kwa kuangalia nyaya. Kama dashibodi lazima itoke kwa sababu ya waya, hita au kutu chini ya kioo, basi ijaze nyufa ikiwa mezani, kwa kuwa kazi ngumu ya kuitoa umeshaifanya. Kama haina sababu ya kutoka na nyufa ni nyingi, kava linalolingana na usukani wako ni uamuzi wa busara. Dashibodi ya zamani yenye ufa mmoja au miwili niiache ilivyo. Gari la 1971 lina haki ya kuonyesha ufa.

Ukiitoa, ondoa kwanza waya wa betri. Shusha nguzo ya usukani, chomoa kebo ya saa ya mwendo na kebo za hita, kisha soketi za nyaya, kila moja ikiwa imefungwa karatasi yenye jina na kupigwa picha. Nyaya za wakati ule zina plastiki iliyokauka. Shika soketi yenyewe, usivute waya. Kuinyanyua ni kazi ya watu wawili, mmoja kila mlango, na hakuna anayeruhusiwa kuishika kwa ule ukingo ulio juu ya saa. Ukingo huo ni sponji tupu, hauna chuma cha kuubeba.

Plastiki za nyuma: usizibadili haraka

Mlango mkubwa wa nyuma na pande za sehemu ya mizigo vimefunikwa kwa plastiki ngumu iliyopigwa chembechembe mfano wa ngozi. Hizi hupigwa jua kupita kioo cha nyuma kilicholala, na masikio ya skrubu huvunjika kwanza. Nakala zipo, lakini nyingi huvutwa kwenye karatasi moja ya plastiki yenye joto, hivyo huwa nyembamba, pembe zake hulegea, na matundu mara nyingi unatoboa mwenyewe.

Hapa ninatetea za zamani kwa nguvu zote. Ufa unatengenezwa kutoka nyuma: panguza vizuri, pasha kidogo, laza wavu mwembamba wa waya au wa nyuzi za kioo, kisha gundi ya plastiki inayoyeyusha na kuunganisha. Sikio lililovunjika linajengwa upya kwa kipande cha plastiki ya jamii ileile. Mbele haibaki ila mstari mwembamba, na rangi ya reksini inaumeza. Hata ukizikuta zimevunjika vipande vitatu, usizitupe. Wakati wa kurudisha, panua matundu kidogo na uweke washa, skrubu zisikazwe mpaka mwisho. Plastiki inahitaji nafasi ya kutanuka.

Reksini ya almasi, dari na zulia

Mgongo wa gia (ule mwinuko wa sakafu kati ya viti) na minara ya springi za nyuma vimefunikwa kwa reksini yenye mchoro wa almasi. Almasi hizo zilipigwa kwa joto, hazikushonwa, kwa hiyo fundi akikuletea reksini yenye almasi za uzi, hata awe hodari namna gani, mtu anayeyajua magari haya ataona mara moja. Nunua seti iliyobanwa kwa joto. Reksini ya zamani ikishabanduliwa kwenye mgongo wa gia huwa imevutika na kuchafuka kwa gundi iliyogeuka kuwa unga, na mara chache hurudi ikakaa bila mikunjo. Hiki ndicho kipande ambacho seti inashinda bila ubishi.

Dari ni kinyume chake: unahitaji kitambaa na gundi nzuri, na fundi wa hapa ataifanya. Msisitizie gundi inayostahimili joto kali, kwa sababu bati la paa la gari lililoegeshwa Mombasa au Tanga mchana huwa moto wa kuunguza mkono, na gundi ya kawaida ya viatu huachia ndani ya msimu mmoja. Kingo za dari huingia chini ya raba, hivyo wakati mzuri wa kuifanya ni kioo cha mbele kikiwa kimetolewa. Na milango yote iwe wazi. Mvuke wa gundi hiyo unalevya na kuumiza mapafu.

Zulia lichukue seti kama ipo ya usukani kulia, la sivyo mpe fundi zulia la zamani akate kwa kulifuata. Kilicho chini yake ndicho muhimu. Kiwandani waliweka mabamba ya lami kwenye sakafu kupunguza kelele, na kutu hupenda kujificha hapo. Yatoe yote, wengi huyagandisha kwa barafu kavu mpaka yanapasuka kwa nyundo ndogo. Lifunge zulia jipya baada ya kuona bati kwa macho yako.

Viti

Viti vya 240Z vilivaa reksini, na ningebaki na reksini. Ngozi halisi inapendeza, ila juani inakauka, Pwani inashika ukungu, na inaleta sura ya gari jingine. Kinachoharibu raha ya kukaa, hata hivyo, si uso. Chini ya sponji kuna mikanda ya raba iliyovutika, na sponji yenyewe imegeuka unga. Ukivalisha kiti kava jipya juu ya sponji iliyokufa, mikunjo itatokea baada ya muda mfupi na lawama zitamwangukia mshonaji.

Sponji zilizoumbwa tayari zinauzwa nje na zinarudisha mabega ya kiti kama yalivyokuwa. Fundi akichonga kwa kisu kutoka bonge la sponji ngumu atakaribia tu. Kwa hiyo mseto bora ni sponji ya kuagiza, mikanda mipya, na kava lishonwe hapa, fundi akifumua la zamani mshono kwa mshono na kulitumia kama kielelezo. Mafundi wanaoshona viti vya matatu wanajua reksini inayovumilia jua na jasho kuliko mtu yeyote ninayemjua; waombe sampuli, uikunje, uikwaruze kwa ukucha, uiache juani wiki moja kabla ya kukubali.

Mpangilio wa kurudisha

Anza na sakafu na nyaya, kisha dari, kisha reksini ya mgongo wa gia, kwa kuwa sehemu yake ya mbele hupanda mpaka chini ya hita na haitaingia vizuri dashibodi ikiwa tayari mahali pake. Ndipo dashibodi, kisanduku cha katikati kati ya viti, zulia, milango, plastiki za nyuma, na viti mwisho kabisa. Kabla hujakaza boliti hata moja ya dashibodi, rudisha waya wa betri na ujaribu kila kitu: taa kubwa na ndogo, taa za kuonyesha unakokata, wipa, feni ya hita kwa kasi zake zote, honi, na kila saa moja baada ya nyingine huku injini ikiunguruma. Kisichofanya kazi kitengenezwe wakati huo, dashibodi ikiwa bado imelegea na mkono wako unapita nyuma yake.